Jinsi ya Kushindwa Kuwa Mwanamke wa Shoka

Sifa umeshazipata zote. Msibani wewe ndiye uliyesimamia sufuria la wali. Kwenye harusi ya mdogo wa mume wako ulikuwa mweka hazina, na hesabu zikalingana hadi shilingi ya mwisho. Kikoba kina katibu mmoja tu anayeandika vizuri, naye ni wewe. Watoto wanakwenda shule sare zimepigwa pasi, mama mkwe anapata dawa zake za presha kila mwezi, na ukipita mtaani watu wanasema, "Yule ni mwanamke wa shoka." Hakuna aliyeuliza unalala saa ngapi. Hakuna anayejua kwamba usiku, vyombo vikishaoshwa, unabaki umesimama jikoni, bomba umelifunga, mikono inachuruzika maji, na hukumbuki ulitaka kufanya nini.

Mwongozo huu ni wa kukusaidia kufeli kazi hiyo. Kufeli taratibu, kwa adabu, bila jirani kushtuka. Sitakuambia usijali watu watasema nini. Utajali. Sote tunajali, na aliyelelewa uswahilini havui jambo hilo mlangoni kama ndala. Kwa hiyo tutapitia mlango wa uani. Heshima yako itabaki palepale, nawe utapata usingizi, mtu wa kuzungumza naye, na tiba kama unaihitaji. Kanuni ni moja tu: wazuge wote unaolazimika kuwazuga, ila mtu mmoja mwambie kweli. Hatua zote hizi zinakupeleka kwa huyo mmoja.

Hatua ya kwanza: chagua ugonjwa

Nyumba zetu humpa ruhusa mgonjwa wa mwili. Mwenye mawazo anaambiwa ajikaze, asali, amshukuru Mungu kwa watoto wazima. Huna nguvu ya kubishana na ukoo mzima, na mtu aliyechoka hapaswi kupewa kazi ya kubishana. Chagua ugonjwa wanaouheshimu.

Malaria iache. Kila mtu ni daktari wa malaria. Utaulizwa umepima wapi, na dawa ya mseto inakwisha kwa siku tatu. Siku ya nne unatakiwa sokoni. Presha nayo ina hatari zake: shangazi ana mashine ya kupimia, na kuanzia jioni hiyo utakula mchicha usio na chumvi. UTI kila mtu anayo.

Chagua mgongo. Mgongo hauna kipimo cha nyumbani. Leo unauma, kesho umepoa, Jumatatu umerudi. Unakutaka ulale chali, usinyanyue ndoo, na urudi hospitali mara kwa mara. Hakuna mama mkwe asiyewahi kuumwa mgongo, kwa hiyo utaonewa huruma ya kweli na huenda ukasuguliwa kwa mafuta ya karafuu.

Wala usijione muongo mkubwa. Sonona, jina la hospitali la hayo mawazo mazito, huingia mwilini: kichwa kizito, mgongo, kifua kubana, moyo kwenda mbio, tumbo kuvurugika, uchovu usioondoka hata ukilala. Wanawake wengi hufika zahanati wakilalamikia kichwa, wakapewa Panadol, wakarudi mwezi ujao na kichwa kilekile. Shirika la Afya Duniani linasema sonona huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, kwa kiasi cha nusu nzima. Mgongo wako unauma kweli. Umeficha tu jina la kinachouumiza.

Hatua ya pili: iba saa

Hutapewa muda. Mama hapewi muda, anauiba, na pa kuuiba ni saluni.

Mwanamke anayekwenda kusuka haulizwi atarudi saa ngapi. Aga Jumamosi asubuhi kwamba unakwenda kusuka rasta ndogondogo. Hata mume wako anajua hiyo ni kazi ya kutwa. Ukifika, lipia wasusi wawili, mmoja kila upande, na wa tatu kama mfuko unaruhusu. Kazi ya saa sita inakwisha kwa saa tatu. Tatu zilizobaki ni zako, na hakuna mahali zilipoandikwa. Kama hela ya msusi wa pili haipo, aga kwamba unakwenda kusuka rasta, suka twende kilioni, kisha ukirudi sema rangi uliyoitaka imekwisha dukani. Utarudi na kichwa kilichosukwa, na hicho ndicho kitakachoangaliwa.

Saa hizo tatu zitumie kwa mpangilio huu. Usingizi kwanza. Kama una mdogo wako anayekaa peke yake, au shoga mwenye chumba, omba kitanda, vua viatu, lala. Usingizi ukigoma, tembea. Kutembea na mazoezi ya kawaida ya mwili hupunguza makali ya sonona. Jambo hilo limepimwa na kupimwa tena. Tembea pwani asubuhi kabla jua halijawa kali, au mtaa ambao hakuna anayekuita mama fulani. Simu iwe imezimwa ndani ya pochi. Ukikaa na simu, umehamisha jikoni kwako na kuileta ufukweni.

Kama unauza chakula, habari ya saluni haikuhusu, maana wewe unasukwa huku unakoroga uji. Saa yako iko mchana, baada ya saa nane, wateja wa chakula cha mchana wamekwisha na wa jioni bado. Fanya zamu na mwenzako wa meza ya pili: leo anakushikia wewe, kesho unamshikia yeye. Tandika mkeka nyuma ya meza. Bei anazijua, na wateja hawajali nani anayepokea pesa.

Na kama umeajiriwa Tanzania Bara, kuna saa ambazo huna haja ya kuziiba kwa sababu tayari ni zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sheria haikusema ugonjwa lazima uwe wa mguu. Omba ED, yaani ruhusa ya ugonjwa, kwa daktari, na umwombe aandike kwamba unahitaji kupumzika siku kadhaa, bila kueleza undani. Bosi anahitaji karatasi. Habari zako ziache kwenye faili la hospitali.

Hatua ya tatu: haribu kazi moja hadharani

Pika pilau moja mbaya. Moja tu.

Usiipike msibani, wafiwa wamekukosea nini. Chagua kikao cha kwanza cha harusi ya mtu wa mbali kidogo. Zidisha chumvi, au acha chungu kishike hadi harufu ifike sebuleni. Watu wakianza kutazamana, usijitetee. Sema, "Leo nimeharibu, jamani," kisha kaa. Utasemwa kwa wiki mbili. Wiki ya tatu jukumu la sufuria litahamia kwa wifi ambaye siku nyingi alikuwa analitamani, na wewe utakuwa umepata Jumamosi zote za msimu wa harusi kwa gharama ya kilo chache za mchele. Najua itauma. Umesifiwa kwa pilau hiyo tangu unaolewa. Lakini sifa hiyo ndiyo imekuwa ikikuamsha saa kumi alfajiri.

Kwenye michango ya harusi, toa mapema na toa kidogo. Jina la kwanza kwenye orodha hukumbukwa na kamati nzima, na kiasi husahaulika orodha ikifika majina hamsini. Ukishatoa, nyamazisha kundi la WhatsApp kwa mwaka mzima.

Ukatibu wa kikoba nao uachie. Usiachie kwa kuvuruga hesabu, hata kidogo. Hela za wanawake wenzako ni amana, na humo kuna ada za shule na mitaji ya vitumbua. Achia kwa kuchelewa. Chelewa vikao vitatu mfululizo, mgongo unauma. Daftari litapata mwandishi mwingine, nawe utabaki mwanachama mwenye hisa zake.

Hatua ya nne: kama umejifungua, dai arobaini yote

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wanawake wengi wanapozama huku nyumba nzima imejaa vifijo.

Bibi zetu walijua kitu. Mzazi alikaa ndani siku arobaini. Alikandwa kwa maji ya moto, akapewa uji wa pilipili manga, mtori, supu ya kuku wa kienyeji. Mtoto aliletwa anyonye kisha akachukuliwa ili mama alale. Leo mwanamke anatoka wodini kesho yake, siku ya tano anachota maji, siku ya saba anapokea wageni wa kumwona mtoto na kuwapikia chai wageni haohao. Jambo hilo linanikasirisha kila nikiliona, na ningependa likukasirishe na wewe.

Ujanja wako hapa ni mila. Ukisema umechoka, utajibiwa kwamba wenzako wamezaa sita. Sema, "Bibi alisema mzazi haingii jikoni kabla ya arobaini." Hapo umewafunga midomo, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa mtu wa kwanza kuvunja mila ya bibi. Kama bibi yako hakusema hivyo, angesema. Mwite mama yako, mwite shangazi, na wote wakiwa mbali mlipe binti wa jirani afue nepi. Wageni wawe na saa zao, jioni, na chai wajimiminie.

Kama umeajiriwa Tanzania Bara, sheria hiyohiyo ya 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, na ukirudi kazini unapata hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Chukua zote. Usirudi mapema ili usifiwe.

Sasa kuhusu machozi. Siku chache baada ya kujifungua mama wengi hulia bila sababu, hukasirika, huogopa. Hali hiyo kwa kawaida hupita yenyewe ndani ya wiki mbili. Ikivuka wiki mbili, mtoto amelala na wewe hulali, chakula hakipiti, unamtazama mwanao kama mtoto wa jirani na unaogopa kumwambia mtu, hiyo ni sonona ya uzazi. Si laana, si kukosa shukrani, na haina maana kwamba humpendi mtoto. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi zinazoendelea wanawake karibu 20 kati ya kila 100 waliojifungua hupatwa na tatizo la afya ya akili, na sonona ndiyo inayoongoza. Siku ya kliniki, kwenye lile benchi la wamama kumi wenye vitenge vizuri na watoto waliopakwa mafuta, hesabu wawili. Mmoja anaweza kuwa wewe. Mwingine naye anatabasamu.

Na kliniki hiyo ndiyo njia ya mkato kuliko zote. Mtoto anakwenda chanjo akifika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Huhitaji kuaga kwa uongo. Unasindikizwa hadi kituo cha daladala. Mtoto akishapimwa uzito na kuchomwa sindano, bakia. Mwambie nesi, "Sista, mtoto hajambo. Mimi ndiye siko sawa." Kuna dodoso la maswali kumi lililotungwa Edinburgh mwaka 1987 kwa ajili ya wanawake waliojifungua, nalo hujazwa kwa dakika chache. Kama nesi hana, atajua nani wa kumwita. Akikujibu kwa mkato, rudi wiki ijayo kwa nesi mwingine. Mtoto hupimwa uzito kila mwezi, kwa hiyo sababu ya kurudi haitakosekana.

Hatua ya tano: pima mdomo wa shoga yako

Yule mtu mmoja wa kumwambia kweli huchaguliwa kwa mtihani. Usimchukue kwa sababu mnapakana ukuta, wala kwa sababu ni dada wa tumbo moja. Dada ana mume, na mume ana marafiki wa kahawa.

Mpe siri ya uongo kwanza. Mwambie kwa sauti ya chini kwamba unadunduliza pesa za hereni za dhahabu na nyumbani hawajui. Siri ya dhahabu husafiri kuliko siri zote. Kisha nyamaza wiki mbili, utege sikio. Wifi yako akikuuliza hereni zimefikia wapi, umeokoka. Endelea kumpenda yule shoga, cheka naye, mwazime khanga, ila moyo wako usimpelekee. Wiki mbili zikipita hereni hazijarudi, umempata mtu wako.

Ukitoka mwambao na somo wako bado yu hai, mtihani hauhitajiki. Huyo alikufunda ukiwa mwali na anajua mambo yako ambayo hata mama yako hayajui. Mtumie.

Siku ya kumwambia usianze na "nimechoka tu", maana utajibiwa, "Sote tumechoka, shoga." Sema silali. Sema nimepoteza hamu ya kila kitu. Sema naogopa. Kisha mwombe mambo matatu: leo asikushauri chochote, asimwambie mtu, na siku ukimwita akusindikize hospitali.

Usidhani kuzungumza na mtu asiye daktari ni kujiliwaza bure. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi wa Mbare, Harare, kukaa kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na mabibi hao walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi hayo yamefika hadi Malawi na Zanzibar. Nairobi, utafiti wa mwaka 2017 uliwahusu wanawake waliopitia ukatili. Wahudumu wa afya wa jamii, si wataalamu wa akili, walikutana nao mara tano, wakawafundisha kutuliza pumzi, kushughulikia tatizo moja moja na kurudi kwa watu wao. Hali zao ziliimarika kuliko za wenzao waliopata huduma ya kawaida. Na Uganda, vijiji 30 vya Masaka na Rakai vilishiriki utafiti, uliochapishwa mwaka 2003, ambamo wenye sonona walikaa katika vikundi kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na mtu wa kwao aliyepewa mafunzo. Vikundi vilifanya kazi, tena sana.

Ukitazama vizuri, kikundi cha namna hiyo tayari unacho. Wanawake walewale, siku ileile, chini ya mwembe uleule, na kila mmoja ameshaaga nyumbani kwamba anakwenda kwenye hisa. Siku moja, sanduku likishafungwa kwa kufuli zake tatu, usinyanyuke. Uliza, "Nani wiki hii hajalala?" Watacheka kwanza. Subiri. Huwa anapatikana mmoja ambaye hakucheka.

Hatua ya sita: mbele ya daktari, acha uongo wote

Hofu yako ya kwanza ni geti la hospitali ya akili. Umeogopa maisha yako yote kuonekana Mirembe ukiwa Dodoma, Mathari ukiwa Nairobi, Kidongo Chekundu ukiwa Unguja. Hospitali hizo zinaokoa watu na hazistahili matusi yetu, lakini leo sina haja ya kukugeuza mawazo. Nina njia ya mkato. Nenda hospitali ya kawaida. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili ndani ya uzio uleule wa meno na macho. Muhimbili kuna idara nzima. Atakayekuona koridoni atadhani umekuja kupima sukari. Ukikosa pa kuanzia, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, watakuelekeza.

Utataka kwenda umependeza. Pendeza. Vaa gauni lako la kitenge, paka wanja. Ila ujue kwamba daktari mwenye foleni ya watu arobaini atakuona umependeza na kuandika "anaendelea vizuri" kabla hujakaa. Tena akikuuliza kinachokusumbua, ulimi utakusaliti, utasema, "Kichwa tu, dokta." Nimewaona wanawake wengi wakirudi na Panadol kwa sababu ya neno hilo "tu".

Kwa hiyo andika. Usiku uliotangulia, chukua karatasi ya daftari la mtoto na uandike mistari michache: unalala saa ngapi, chakula kinapita au hakipiti, umelia lini mara ya mwisho, hali hii ina wiki ngapi, umejifungua lini kama umejifungua, na lile jambo ambalo hujamwambia mtu yeyote. Ikunje. Ukifika mbele ya daktari, usiseme neno, mpe. Karatasi haioni aibu.

Anaweza kukuuliza maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu, huzuni, usingizi, nguvu, chakula na mengineyo. Swali la tisa linahusu kutamani kufa au kujidhuru. Lijibu lilivyo. Watu wengi hudanganya hapo, na hapo ndipo uongo unapoua.

Omba pia upimwe wingi wa damu, na kama inawezekana tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na tezi isiyofanya kazi vizuri huleta uchovu na huzuni inayofanana kabisa na sonona. Kama hedhi imeanza kukata, useme.

Ukipewa dawa, uwe na subira. Dawa za sonona hazifanyi kazi siku ya pili. Zinahitaji wiki kadhaa, na siku za mwanzo tumbo linaweza kuchafuka. Zinywe kila siku. Usimgawie jirani mwenye mawazo, ana dozi yake. Kama ni mjamzito au unanyonyesha, sema mapema, maana zipo zinazofaa. Nyumbani zifungie kabatini juu, ndani ya pakiti zake. Usizihamishie kwenye kopo la vitamini; mtoto akija kuzimeza, hospitali lazima ijue amemeza nini. Ukiulizwa ni za nini, ni za mgongo. Mojawapo ya dawa hizo za zamani, amitriptyline, kweli hutumika pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu.

Msikitini na kanisani endelea. Dua na maombi havigombani na kidonge. Chagua tu sheikh au mchungaji ambaye yeye mwenyewe akiugua huenda hospitali.

Pasipo na ujanja

Kuna mahali ambapo sikupi njia ya mkato wala uongo wa kupitia.

Mzazi akikaa siku kadhaa bila kulala kabisa, akasikia sauti, akasema mtoto si wake au ni shetani, akawaza kumdhuru mtoto au kujidhuru, ni dharura. Hali hiyo humpata mama 1 au 2 kati ya kila 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, na inatibika. Ndugu wakisema ni majini, wasome wanachotaka kusoma ndani ya gari, ila gari liende hospitali, leo hii, na mama na mtoto wasiachwe peke yao.

Kama anayekuumiza yuko ndani ya nyumba, ficha kila kitu: karatasi, dawa, siku ya kliniki. Tanzania, vituo vikubwa vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto; Unguja kuna kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali ya Mnazi Mmoja. Kenya piga 1195, ni bure. Mawazo yako hayatapona vizuri huku unapigwa, na mtu yeyote anayekuambia uvumilie kwa ajili ya watoto mtoe kwenye orodha ya washauri wako.

Na kama usiku huu unafikiria kufa, weka mwongozo huu chini. Usibaki peke yako. Mwamshe mtu, yeyote, hata yule aliyefeli mtihani wa hereni, umwambie kwa maneno hayohayo: nataka kufa, nikae na wewe. Sumu ya panya, dawa za kuua wadudu, vidonge vilivyorundikana, mpe mtu mwingine avitoe ndani ya nyumba. Kisha mwende hospitali iliyo karibu, saa yoyote. Kenya, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Mawazo hayo yanakuja kwa nguvu na yanapita, na tunakutaka uwepo yakishapita.

Hatua ya mwisho: jihadhari na siku utakayopona

Itafika. Utaamka umelala usiku mzima, utacheka na kitu kwenye redio, chai itakuwa na ladha. Watu wataona. Watasema, "Umerudi, mwanamke wa shoka!" na kabla ya saa sita utakuwa umeshaombwa ukatibu wa kikoba, umetiwa kwenye kamati ya send-off, na mama mkwe ameulizia pilau.

Kataa mawili, kubali moja, na hilo moja lianze mwezi ujao. Dawa usiache kwa sababu umejisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unazinywa. Kuziacha ni jambo la wewe na daktari, taratibu, na mara nyingi ni baada ya miezi sita au zaidi tangu upate nafuu. Jumamosi ya rasta ibaki Jumamosi ya rasta. Mgongo uendelee kuuma kidogo.

Kabla hujatoka hospitali chukua tarehe ya kurudi, uiandike nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto ambako hakuna anayeangalia. Na yule mwanamke wa kikoba ambaye hakucheka, mwulize siku hiyo ana kazi gani. Nauli kama hana, mlipie.